Mbwa Hafi Maji Akiona Ufuko

Hotuba kwa mkutano wa wajitolea wa uokoaji wa mbwa wa mtaani

Ndugu zangu wajitolea, madaktari wa mifugo mliotuvumilia mwaka mzima, na ninyi mliokuja kwa sababu tu mmeburutwa na rafiki: karibuni nyote. Niliombwa nizungumzie jinsi mitandao ya kijamii inavyoweza kuwasaidia mbwa wa mtaani. Nikakubali kwa sharti moja, kwamba nianze na makosa yangu.

Mwaka wa kwanza wa ukurasa wetu nilikuwa napandisha majeraha. Jeraha asubuhi, jeraha jioni. Mbwa aliyegongwa, mbwa aliyemwagiwa maji ya moto, mbwa aliyeliwa na upele mpaka ngozi ikawa kama gome la mti. Niliamini watu wakiona watashtuka, na wakishtuka watasaidia. Kushtuka walishtuka. Halafu wakapita. Dada yangu wa tumbo moja, mtu anayeweza kusimama njiani dakika ishirini kumsubiri konokono avuke, aliniambia siku moja: "Ukurasa wako nimeunyamazisha. Nakupenda, lakini siwezi kuamka na funza kila siku."

Nilimkasirikia. Nikamwona mwoga. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kuwa dada alikuwa amenieleza jambo ambalo wengine mamia hawakujisumbua kunieleza. Wao waliondoka kimya kimya.

Kisha akaja Ndala. Siku hiyo bado hakuwa na jina. Alikuwa na kamba shingoni, aliyofungwa akiwa mtoto. Yeye akakua, kamba haikukua naye. Ilikuwa imezama ndani ya nyama, kwa nje huoni kamba, unaona mfereji tu. Tuliitoa usiku, daktari amepiga magoti sakafuni, mimi nimeshika tochi kwa mkono mmoja na pua kwa mkono wa pili. Ilitoka vipande vitatu. Nikapiga picha, nikapandisha mbili, zikapita kama zilivyopita nyingine zote.

Siku ya kumi na moja nilikuwa ndani nikitafuta dawa ya kidonda, nikasikia vicheko uani. Yule mbwa alikuwa ameiba ndala ya mjitolea mmoja. Anakimbia nayo kwa kuzunguka, bendeji imefunguka inapepea nyuma yake, na mwenye ndala anamkimbiza kwa kuruka mguu mmoja huku akimwita majina yote isipokuwa lake. Sekunde kumi na tisa. Nikaandika chini yake: "Siku kumi na moja zilizopita tulimtoa kamba ndani ya shingo. Leo ni mwizi."

Hiyo ndiyo iliyosafiri. Ilifika kwa watu ambao katika maisha yao hawajawahi kumgusa mbwa. Na sehemu iliyonishangaza ni kwamba walirudi nyuma wenyewe kuzitafuta zile picha mbili za usiku. Picha walizozikimbia walizifuata kwa miguu yao, kwa kuwa sasa walijua mwisho wake.

Tuna methali inayosema mbwa hafi maji akiona ufuko. Anayeogelea gizani huchoka mapema. Akiuona mchanga, hata kwa mbali, miguu hupata nguvu ambazo hakuna aliyejua zilikuwa zimebaki. Mimi mwaka mzima nilikuwa nawatupa watu majini, nawaonyesha kina, nawalaumu kwa kuzama. Mtazamaji wa simu naye anahitaji kuona ufuko ndipo akubali kuogelea na wewe.

Hili si la kwangu peke yangu. Watafiti wawili wa Marekani, Jonah Berger na Katherine Milkman, walipitia karibu makala 7,000 za gazeti la New York Times wakiangalia zipi wasomaji wanazituma kwa wenzao. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2012 walikuta kwamba habari njema hutumwa zaidi kuliko mbaya. Lakini kilichonigusa ni maelezo ya ndani: mtu hutuma kitu kinachomwinua kitini. Mshangao humwinua. Hasira humwinua, wasiwasi pia. Huzuni humlaza. Mimi nilikuwa nikiwalaza watu, kisha nawauliza mbona hawasimami.

Kuna atakayenipinga, na ana haki. Mwaka 2007 ASPCA, shirika la kutetea wanyama la Marekani, lilianza kurusha tangazo la televisheni lenye mbwa na paka wenye macho ya kuomba, huku mwimbaji Sarah McLachlan akiomba mchango. Kwa muda wa kama miaka miwili likaingiza takriban dola milioni 30. Kwa hiyo huzuni hutoa pesa, nisiwadanganye. Ila mwimbaji mwenyewe amekiri hadharani kwamba likianza naye hubadilisha chaneli. Na ile ilikuwa televisheni: mpaka uipate rimoti, tangazo limekwisha. Kwenye simu kidole kiko juu ya kioo tayari.

Jambo lingine nililojifunza ni kuhusu namba. Sisi waokoaji tunapenda namba kubwa, zinatufanya tuonekane watu wa maana. Sasa sikilizeni jaribio lililochapishwa mwaka 2007 na Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic. Watu walipewa dola 5, wakaombwa kutoa sehemu yake kuwachangia wenye njaa. Waliosomeshwa habari za Rokia, binti wa miaka saba wa Mali mwenye njaa, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu za mamilioni wenye njaa walitoa 1.14. Na waliopewa Rokia pamoja na zile takwimu walitoa 1.43. Takwimu zilikaa karibu na Rokia zikampunguzia sahani yake. Tangu nilisome jaribio hilo, namba zangu nimezihifadhia mikutano na wakuu wa manispaa. Kwenye ukurasa anakaa mbwa mmoja, mwenye jina na tabia. Tabia zaidi ya jina. Watu hawakumpenda Ndala kwa kuwa aliumia. Walimpenda kwa kuwa ni mwizi.

Sasa yale yaliyofuata, na hayakuwa mazuri yote.

Wiki ya kwanza tulipokea maombi zaidi ya sitini ya watu wanaomtaka Ndala. Nyuma ya uzio uleule walikuwemo mbwa wengine kumi na wanne. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Mmoja wao, jike la kijivu, alionekana ndani ya video yenyewe, pembeni kushoto, anajikuna. Hakuna aliyemwona.

Wiki ya pili nilifungua geti asubuhi nikakuta boksi. Watoto sita, macho bado hayajafunguka. Siku tatu baadaye boksi jingine. Tukajiuliza wamepajuaje hapa, maana hatujawahi kuandika mahali. Kijana mmoja akaitazama video ya Ndala polepole, akaisimamisha kwenye sekunde ya nane: nyuma ya ukuta kuna kibao cha jirani, maandishi yanasomeka vizuri kabisa. Wale watu hawakuwa wabaya. Waliona ufuko mzuri, wakawaleta watoto wa mbwa waogelee kuja kwetu. Katika wale sita wa kwanza waliishi wawili.

Tangu hapo kabla ya kupandisha video tunaitazama mara moja kwa ajili ya mbwa na mara ya pili kwa ajili ya kila kitu kisicho mbwa: vibao, namba za magari, sura za watoto, mlango wa nyumba. Na mbwa anapopata umaarufu hatumwachi atembee peke yake. Aliyeomba Ndala alijibiwa: Ndala ameshapata kwao, lakini je, umemwona yule wa kijivu anayejikuna kushoto? Wengi hawakujibu. Watatu walijibu, na jike la kijivu leo analala kwenye kochi ambalo mimi mwenyewe siwezi kulinunua.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakuwa na simu. Huku kibaya kinatembezwa kwa gari lenye vipaza sauti, na chema usipokitembeza kinaozea ghalani. Ndiyo maana nasema tukitembeze. Ila mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Furaha ikishaanza kuleta watazamaji, unaanza kuitengeneza. Nakiri mbele yenu: mwezi mmoja baada ya Ndala nilimwekea mbwa mwingine ndala makusudi, nikachuchumaa na simu nikisubiri. Akaitazama ile ndala. Akanitazama mimi. Akaenda kulala. Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri, kwa sababu najua njia hiyo inakoishia. Inaishia kwa wale wanaomtia mtoto wa mbwa matopeni ili wamtoe, au wanaomweka karibu na chatu ili wamnusuru. YouTube walitangaza mwaka 2021 kuwa video za uokoaji wa kupanga haziruhusiwi. Bado zipo. Mwaka 2024 muungano unaoitwa SMACC, unaofuatilia ukatili dhidi ya wanyama mitandaoni, ulitoa ripoti kuhusu uokoaji wa kughushi. Video ilizozikusanya kwa wiki sita tu zilikuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni 500. Katika hao waliotazama, wengi walikuwa watu wema kabisa, wanaotafuta kitu cha kuwapa moyo kama tunachowapa sisi.

Mtawatambuaje? Kamera imefika kabla ya tatizo. Mwokoaji hana haraka. Hakuna daktari, hakuna kesho yake, mbwa haonekani tena. Au anaonekana tena, wiki ijayo, kwenye shimo jingine. Nanyi jipimeni kwa kipimo hichohicho. Kama mtu hawezi kumfuata mbwa wako kutoka siku ya kwanza mpaka siku ya tisini, na kuona risiti ya dawa katikati, hana sababu ya kukuamini kuliko anavyomwamini yule mwenye chatu.

Kuna udanganyifu mwingine mdogo zaidi, ambao hata wenye nia njema huufanya. Mbwa aliyevalishwa nguo, kinywa wazi, ulimi nje, maandishi yanasema "anatabasamu". Ukimtazama vizuri weupe wa jicho unaonekana pembeni, masikio yamelala nyuma, anapiga miayo wakati hana usingizi, anajilamba pua wakati hana njaa. Huyo anaomba mumwache. Waliopo hapa wenye uzoefu wanajua kinachofuata hatua hiyo huwa ni kuuma.

Kwa hiyo kwetu video ya mtoto akimkumbatia mbwa aliyefika juzi haipandi, iwe nzuri namna gani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kama asilimia 40 ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto huiga anachokiona. Ukimwonyesha kukumbatia, mwonyeshe basi na kusimama mbali, kumwacha mbwa aje mwenyewe, na kuosha jeraha kwa maji na sabuni dakika kumi na tano kabla ya kukimbilia chanjo hospitalini. Hiyo dakika kumi na tano tuliwahi kuifanyia video, mjitolea anaimba huku anaosha mkono mpaka wimbo umemwishia, anaanza kutunga. Ilisambaa kuliko nilivyotegemea.

Na hapo nimefika kwenye mzigo wenyewe. Kazi inayopunguza mateso ya mbwa wa mtaani haina sura nzuri. Ni kufunga kizazi na kuchanja, kisha kufunga kizazi na kuchanja tena. Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi miwili tu, na kwa kawaida huwa tayari kupandwa mara mbili kwa mwaka. Ukiokoa watoto sita huku mama yao yuko barabarani, unachota maji kwa pakacha. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kichaa kinakosa pa kupita. Bhutan walianza mwaka 2009, wakaenda miaka kumi na minne, mpaka Oktoba 2023 walipotangaza kuwa wamewafunga kizazi mbwa wao wote wanaozurura, zaidi ya 150,000. Hebu fikirieni ukurasa wa kuonyesha hilo kila siku kwa miaka kumi na minne. Nani angeutazama?

Tumejaribu, na nitawaambia kilichofanya kazi. Hatuonyeshi kisu. Tunaonyesha mbwa anapoamka: ulimi umening'inia upande, jicho moja limefunguka, anajaribu kusimama na miguu ya nyuma haijapata taarifa. Watu wanacheka, kama wanavyomcheka mtu aliyelewa. Kisha tunaonyesha ile alama ndogo kwenye ncha ya sikio, tunaeleza ni ya nini, ili wakimwona mbwa mwenye alama hiyo mtaani kwao wajue huyu ameshahudumiwa. Halafu siku anaporudishwa: geti la kreti linafunguliwa, anasita, ananusa hewa, masikio yanasimama, na ghafla anakimbia kwenda mahali ambapo yeye peke yake anapajua. Hakuna muziki utakaoweka pale ukaongeza kitu. Chini yake tunaandika idadi ya waliofungwa kizazi mwezi huo na kilichobaki kwenye akaunti.

Wale wanaodhani mbwa mmoja maarufu atawalinda wengine, wamwangalie Boji wa Istanbul. Mwaka 2021 dunia nzima ilimshangilia mbwa huyu wa mtaani aliyekuwa anapanda tramu, metro na feri kama abiria mwenye ratiba. Hakukosa maadui, mtu mmoja alinaswa na kamera akitoa kinyesi mfukoni na kukiweka kwenye kiti ili mbwa alaumiwe. Lakini Julai 2024 bunge la Uturuki lilipitisha sheria ya kuwakusanya mbwa wa mitaani na kuwapeleka kwenye makazi, huku wagonjwa na wakali wakiweza kuuawa. Mapenzi ya Boji hayakuwafikia. Nadhani, na hapa ni maoni yangu, ni kwa sababu dunia ilimjua Boji kama kioja, haikujua kitu kuhusu mbwa waliobaki, wala hofu za watu wanaoishi nao, ambazo si zote za uongo.

Watu huniuliza: na anayekufa, utamtangaza kwenye ukurasa wa furaha? Ndiyo, siku hiyohiyo. Niall Harbison, raia wa Ireland anayehudumia mbwa wa mtaani katika kisiwa cha Koh Samui, Thailand, amejenga ufuasi mkubwa kwa habari za kutia moyo, na amesimulia waziwazi jinsi pombe ilivyokaribia kumuua yeye mwenyewe kabla ya kazi hii. Mwaka 2024 alimpokea Tina, mbwa wa aina ya golden retriever aliyekuwa mifupa na macho. Akanona, akacheza, watu wakampenda. Akafa kabla mwaka haujaisha. Harbison hakumficha, na ukaanza mpango wa kujenga hospitali ya mbwa kwa jina la Tina. Watu hawakumkimbia. Walikuwa wameshaogelea naye mbali.

Sisi tulimpoteza mmoja mwezi uliopita, mtoto wa wiki tisa, kwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Niliandika mistari minne: jina, siku alizokaa nasi, kwamba virusi hivi hudumu ardhini miezi mingi hivyo tumeosha kila kitu na hatupokei watoto kwa sasa, na kwamba alipenda kulala ndani ya kiatu. Komenti zilikuwa chache. Ila watu kadhaa waliandika inboksi kwamba wamewapeleka watoto wa mbwa wao kuchanjwa.

La kushika simu nitalipitia haraka, mengine mtajifunza kwa kukosea. Chuchumaa, ukipiga ukiwa umesimama unapata mgongo na hatia. Mbwa mweusi mpige kivulini penye mwanga laini, si juani, la sivyo anakuwa shimo lenye meno. Weka maandishi, wengi wanatazama bila sauti. Usianze na "karibuni kwenye ukurasa wetu", anza na mbwa. Na mwenye roho nyepesi asiwe ndiye anayesoma komenti usiku.

Jambo la mwisho ni tangazo. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunawarudisha majike saba mtaani kwao. Tuna watu wa kubeba kreti. Hatuna wa kushika simu, kwa kuwa aliyekuwa anaishika ni yule mwenye ndala, na sasa anasomea udaktari wa mifugo. Anayetaka anione pale mlangoni nikitoka. Aje na viatu vya kufunga kamba.